Kabla ya Kushika Kamba, Tuulize Sababu

Katika ziara za tume yetu majumbani mwa waamini tumewahi kukuta kamba. Haikuwa ya kuanikia nguo wala ya kufungia mbuzi. Ncha yake moja ilikuwa imefungwa kwenye mguu wa kitanda, na ncha ya pili kwenye kifundo cha mguu wa kijana wa miaka 14. Mama yake alikuwa ameenda shambani. Aliporejea na kutukuta tumesimama mlangoni, hakushtuka wala hakukana jambo. Alitueleza kwamba asipomfunga, kijana hutoka mbio na kuivuka barabara kuu bila kutazama magari. Na siku asipotoka, hujigonga kichwa ukutani mpaka damu imtoke. Kisha akasema: "Wazee wangu, ninyi ndio mlionishauri nisije naye kanisani, kwamba kelele zake zinawakatiza watu sala. Niliwatii. Sasa niambieni, nikienda kulima nimwache na nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekwenda pale na daftari ili tuandike taarifa juu ya mzazi anayemtesa mtoto. Tukarudi tukijua kwamba jina la kwanza katika taarifa hiyo lilipaswa kuwa letu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, nasi tulikuwa tumeupima mzigo wa mama yule kwa macho tu, bila kuuinua.

Tunaandika tahariri hii kwa sababu tunaamini kwamba nyumba ile si ya pekee katika parokia zetu. Wapo miongoni mwetu watoto na watu wazima wenye ulemavu wa akili, wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, na wengine ambao ukuaji wao ulichelewa tangu utotoni kwa sababu ambazo hata waganga hawakuzitambua. Wengi wao ni watu watulivu. Lakini baadhi yao hupiga kelele, huuma mikono yao, huvua nguo mbele za watu, hupiga wenzao au hukimbia nyumbani. Hao ndio wanaofichwa chumba cha nyuma. Hao ndio wanaoitwa mazezeta na mapunguani, na watu husema wana pepo au wamerogwa. Na hao ndio wanaopigwa, kwa imani kwamba fimbo itawafundisha yale ambayo maneno yameshindwa kuwafundisha.

Tunataka kusema wazi kwamba imani hiyo ni potofu, na kwamba iko njia bora zaidi, ambayo imejaribiwa kwa miaka mingi na ambayo familia maskini inaweza kuanza kuifuata bila kununua kitu. Wataalamu huiita utegemezo chanya wa tabia. Msingi wake ni huu: tendo linalotuudhi lina sababu kwa yule anayelitenda, na mara nyingi ni lugha ya mtu asiye na lugha nyingine. Kazi yetu ya kwanza ni kuielewa lugha hiyo. Kazi ya pili ni kubadili mambo yanayomfikisha pale. Kazi ya tatu ni kumfundisha namna nyingine ya kusema jambo lile lile.

Njia hii ilizaliwa kutokana na aibu. Huko Marekani, kwa miaka mingi, watu wenye ulemavu wa akili waliondolewa kwa familia zao na kurundikwa katika majumba makubwa ya serikali. Mojawapo ni Willowbrook, katika jiji la New York, jumba lililokusudiwa watu 4,000, lakini kufikia mwaka 1965 lilikuwa na watu zaidi ya 6,000. Mwaka 1972 televisheni iliwaonyesha wananchi yaliyokuwa ndani: watoto uchi, wachafu, wasio na mtu wa kuwahudumia. Wazazi wakaenda mahakamani; mwaka 1975 yakafikiwa makubaliano ya kuwarudisha wakazi wale katika jamii, na mwaka 1987 jumba likafungwa. Lakini kuyafunga majumba hakukutosha. Watu walipotoka walikutana na walezi na walimu ambao, kwa kila tendo baya, walijua jibu moja tu, nalo ni adhabu. Wako walionyunyiziwa maji usoni, waliofungiwa vyumbani peke yao, hata waliopigwa shoti za umeme, na yote hayo yakaitwa matibabu.

Katika miaka ile ile baadhi ya wataalamu walianza kuuliza swali jingine. Badala ya kuuliza, "Tumwachisheje?", waliuliza, "Anapata nini kwa kutenda hivi?" Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya watoto na vijana waliokuwa wakijiumiza wenyewe. Waliona kwamba tendo lile lile la kujiumiza lilikuwa na sababu mbalimbali: mmoja alijiumiza zaidi alipopewa kazi, mwingine alipokosa mtu wa kumtazama, mwingine alipoachwa peke yake bila la kufanya. Mwaka 1985 Edward Carr na Mark Durand walifanya kazi na watoto wanne wenye ulemavu wa ukuaji. Mtoto aliyefanya fujo kwa sababu kazi ilimshinda alifundishwa kusema kwamba haelewi, ili asaidiwe. Aliyefanya fujo ili atazamwe alifundishwa kumwuliza mwalimu kama kazi yake ni nzuri. Fujo zikapungua sana. Tena walionyesha jambo moja la maana: maneno yasiyolingana na sababu ya mtoto hayakusaidia kitu. Dawa ilikuwa katika kuijua sababu. Kufikia mwaka 1997, sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu huko Marekani iliagiza shule zifikirie njia hizo chanya pale tabia ya mtoto inapozuia masomo yake au ya wenzake.

Ndugu wapendwa, mambo haya yana uhusiano gani na kijiji kisicho na mtaalamu hata mmoja? Yana uhusiano mkubwa, kwani kutazama na kukumbuka si kazi ya wenye shahada peke yao. Mama huyatazama mengi kuliko daktari.

Wachunguzi hao wametufundisha kwamba sababu za tendo gumu kwa kawaida ni nne. Huenda mtu anataka watu wamtazame na wawe naye. Huenda anataka kitu: chakula, maji, mchezo anaoupenda. Huenda anataka kuepuka jambo linalomchosha au kumtisha, kama kazi ngumu, umati au kelele. Au huenda sababu imo mwilini mwake mwenyewe: raha fulani anayoipata kwa kutikisika, au maumivu ambayo hawezi kuyataja. Ili kuijua sababu, tunaandika au kukumbuka mambo matatu kila tendo linapotokea: nini kilitangulia, alitenda nini hasa, na nini kilifuata. Baada ya wiki mbili au tatu, picha huanza kuonekana.

Hapo ndipo tunapoona kwa nini fimbo hushindwa. Mtoto anayepiga kelele ili aepuke kazi, tukimpiga na kumfukuza, ameiepuka kazi. Mtoto anayepiga kelele ili atazamwe, tukimkimbilia nyumba nzima tukiwa na fimbo, ametazamwe na nyumba nzima. Tumemlipa kwa lile lile tulilotaka kuliondoa. Na yule anayejigonga kichwa kwa sababu jino linamwuma, fimbo imemwongezea maumivu ya pili na kumfundisha kwamba watu wake si kimbilio. Fimbo yaweza kumnyamazisha mtu kwa saa moja, lakini haimpi neno la kusema kesho.

Kwa hiyo hatua ya kwanza iwe zahanati. Meno, masikio, minyoo, kufunga choo, kifafa kisichotibiwa, maumivu ya hedhi kwa msichana asiyeweza kueleza: hayo yote yamewahi kuitwa ukaidi. Hatua ya pili ni kupunguza yanayomsumbua. Kama umati humtisha, aketi karibu na mlango. Kama kungoja humshinda, apewe kitu cha kushika mkononi. Kama mabadiliko humchanganya, siku yake iwe na utaratibu ule ule, na aonyeshwe mapema kitakachofuata. Hatua ya tatu ni kumpa lugha: kikombe anachokabidhi anapotaka maji, ishara ya mkono ya kusema "basi", picha ya choo, kofi moja mezani la kuomba msaada. Na kila anapoitumia lugha hiyo, hata kwa kusitasita, ajibiwe upesi, ili aone kwamba kikombe humletea maji haraka kuliko kelele. Hatua ya nne ni kumwona anapofanya vema. Tumezoea kumtaja jina anapokosa tu. Tumtaje pia anapoketi, anapongoja, anapomsaidia dada yake kuchambua mboga.

Turudi kwa kijana wetu. Dada yake, aliye darasa la sita, aliandika katika daftari la shule kwa wiki tatu. Tuliposoma pamoja na mama, tuligundua mambo mawili. Kujigonga kichwa kulikuja zaidi jioni, baada ya kula. Tukampeleka kituo cha afya, akakutwa na magego mawili yaliyooza. Na kukimbia kwake hakukuwa kwa ovyo. Kila mara alielekea upande mmoja, ng'ambo ya barabara, iliko mashine ya kusaga nafaka. Alipenda mngurumo wake. Kwa miaka miwili alikuwa akipigwa kwa kutoroka, kumbe alikuwa na mahali anakokwenda, ila hakuwa na mtu wa kumpeleka.

Magego yakang'olewa. Vijana wawili wa jumuiya wakakubali kumpeleka mashineni kila asubuhi kwa zamu, na akafundishwa kuchukua debe tupu na kumkabidhi mtu anapotaka kwenda. Jumapili huketi benchi la mwisho karibu na mlango, na kelele zinapoanza hutoka nje na mmoja wetu, kisha hurudi. Hatusemi kwamba kila kitu kimekwisha. Bado ana siku mbaya. Wala hatusemi kwamba kamba imetupwa. Wakati wa palizi, watu wa zamu walipokosekana, ilitumika tena mara mbili. Na mara zote mbili aliyekosa ni jumuiya iliyoahidi, wala si mama.

Tunajua maswali mtakayouliza. Wengine watasema kwamba huku ni kudekeza, na kwamba samaki mkunje angali mbichi. Tunajibu kwamba njia hii haiondoi mafundisho, inayaongeza. Anayempiga mtoto amemwambia asitende nini. Anayemfundisha ishara ya kuomba maji amemwambia atende nini. Kati ya hao wawili, nani amefanya kazi kubwa zaidi ya malezi?

Wengine watauliza juu ya hatari. Kijana mwenye nguvu anapomkaba mdogo wake au anapokimbilia gari, je, tutazame na kuandika? La. Tumzuie mara moja, kwa nguvu ile tu inayohitajika, kwa muda ule tu wa hatari, bila hasira na bila kumdhalilisha. Kumshika mtu asiumie ni wajibu wa upendo. Kumfunga kutwa ili sisi tupate nafasi ni jambo jingine kabisa, na tusiyachanganye mawili hayo.

Na liko onyo ambalo ni lazima tulitoe sisi wenyewe. Hata njia hii yaweza kupotoshwa. Watu wazima wenye usonji, katika nchi ambako mafunzo ya namna hii yameenea, wameeleza jinsi walivyolazimishwa utotoni kuketi kimya, kuwatazama watu machoni, na kuacha kupunga mikono ambayo haikumdhuru mtu yeyote. Walitulizwa kwa faida ya wengine. Basi kabla ya kutaka kubadili tabia ya mtu, tujiulize: Inamwumiza? Inamwumiza mwingine? Inamzuia asiishi vema? Kama jibu ni hapana, na tunaloona ni aibu yetu tu, tumwache apunge mikono yake kwa amani. Lengo ni maisha mema kwa mhusika, pamoja na rafiki, kazi na mahali pa kwenda. Kimya chake si kipimo cha mafanikio yetu.

Wala tusidhani kwamba ukatili huu ni wa maskini au wa wasiosoma. Mwaka 2011, katika hospitali ya binafsi iitwayo Winterbourne View karibu na jiji la Bristol, Uingereza, kamera ya siri ya televisheni iliwanasa wafanyakazi wakiwapiga na kuwadhihaki wagonjwa wenye ulemavu wa akili. Watu 11 walipatikana na hatia, na mwaka 2012 sita kati yao walifungwa gerezani. Hospitali ile haikukosa fedha, wala majengo, wala watu waliolipwa mishahara. Mahali popote ambapo mtu asiyeweza kujieleza ameachwa mikononi mwa wachache, nyuma ya mlango uliofungwa, bila macho ya jamii, hatari ni ile ile. Taarifa ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza juu ya watu wenye matatizo ya afya ya akili waliofungwa minyororo katika nchi zipatazo 60. Mlango uliofungwa hauna taifa.

Ndiyo maana jambo hili ni la haki, kabla halijawa la huruma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Unakataza mtu kutendewa ukatili au kudhalilishwa. Unatambua haki yake ya kuishi katika jamii kama wengine. Na unazitaka serikali ziwasaidie pia familia na walezi. Mwaka 2010 Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kwa hiyo mama anayekwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msaada haendi kuomba sadaka. Anakwenda kudai kinachomhusu, na viongozi walei wana wajibu wa kufuatana naye. Lakini sheria haiwezi kukaa na kijana saa nne za asubuhi wakati mama analima. Jirani anaweza.

Tukumbuke Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko. Alipaza sauti kando ya njia, na waliomkemea anyamaze ni watu waliokuwa katika msafara wa Bwana. Bwana akasimama, akataka aitwe, akamwuliza anataka afanyiwe nini. Umati ulisikia kelele. Yeye alisikia ombi. Sisi tulikuwa umati siku tulipomshauri mama yule abaki nyumbani, na tunamwomba radhi hapa, mbele ya wasomaji wote.

Tunapendekeza basi mambo manne yaanze bila kungoja fedha. Kila jumuiya ijue ni nani anayefichwa katika eneo lake, na imtembelee bila kumhukumu mzazi. Kila jumuiya ipange zamu ya saa chache kwa wiki ili mlezi apumzike au afanye kazi yake, na zamu hiyo iheshimiwe kama inavyoheshimiwa zamu ya usafi wa kanisa. Wasimamizi wa ibada wafundishwe kumpokea mtu apigaye kelele kwa salamu na benchi, wala si kwa kidole mdomoni. Na katekista asimnyime mtu mafundisho kwa sababu hasemi. Atafute lugha ambayo mtu huyo anayo.

Katika mkutano ujao wa jumuiya, mjadiliane juu ya maswali haya:

1. Ni nani katika eneo letu ambaye hatujamwona kwa muda mrefu, na tumewahi kuuliza kwa nini?

2. Tendo lake linalotuudhi hutokea lini, mbele ya nani, na huleta nini baadaye? Yawezekana anasema nini?

3. Mlezi wake alipumzika lini mara ya mwisho?

4. Ni nani kati yetu atakayeshika zamu ya Jumatatu?

Swali la nne lisiachwe bila jina la mtu.

Wenu katika utumishi,
Tume ya Haki na Amani